Kati ya Sindano na Sahani

Sidhani kama yupo mtu wa rika langu ambaye hajawahi, angalau mara moja, kuwa fundi wa vyombo vya sauti. Anayebisha na aikumbuke kaseti iliyotapika utepe wake ndani ya redio, na kalamu ya Bic aliyoichomeka katika tundu la kaseti ile akaizungusha polepole mpaka utepe wote ukarudi ndani. Kalamu haikutengenezwa kwa kazi hiyo, lakini pembe zake sita ziliyashika meno ya kaseti kana kwamba waliozibuni walikuwa wamekaa meza moja.

Mimi kazi hiyo niliifanya kwa riziki kwa miaka mingi, na sasa uzeeni naifanya kwa kujiliwaza. Droo ya meza yangu imejaa vifaa ambavyo havikupata kuuzwa duka lolote. Kuna spoku ya baiskeli iliyopondwa ncha ikawa bisibisi, mpini wa mswaki uliochongwa ukawa kama kabari, bomba la sindano ya hospitali lililosuguliwa ncha ili litoe tone moja la mafuta na si mawili, vijiti vya mwanzi vya unene mbalimbali, na kipande cha ufito wa mwavuli chenye makali upande mmoja. Wageni wakiiona droo hiyo hucheka kwanza, kisha husifu. Husema sisi mafundi wa zamani tulikuwa wabunifu kwelikweli, hatukushindwa na kitu. Huwashukuru, kwani mgeni hajibiwi vibaya, lakini sifa ile hunichoma, na kinachonichoma zaidi ni ule ufito wa mwavuli.

Mwaka 1974 nilikuwa kijana wa miaka ishirini na miwili, nina kibanda cha redio barazani kwa mjomba wangu, Ngamiani, Tanga. Siku moja alinijia bibi mmoja wa mtaa wa pili, amefuatana na mtoto aliyembebea gramafoni kichwani. Ilikuwa ile ya HMV ya kufungwa kama sanduku, ya kupigwa hendeli, isiyojua umeme ni nini. Marehemu mumewe aliinunua zamani, pamoja na sahani kadhaa, na miongoni mwazo mlikuwamo moja ya Siti binti Saad, yenye picha ya yule mbwa anayesikiliza tarumbeta. Siti na wenziwe walisafiri kwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, na sahani zile zikarudi pwani yetu zikaimba katika mabaraza. Bibi aliniambia, "Mjukuu wangu, inakwaruza. Inatetemeka kama mgonjwa wa homa. Niangalizie."

Nikamwambia aiache, aje baada ya siku mbili.

Kwa msomaji ambaye hakuwahi kuifungua gramafoni, inafaa nieleze kidogo. Sauti yote ya mashine ile hutoka katika kisanduku kidogo cha duara kilichoko mwisho wa mkono wake. Ndani yake mna kiwambo chembamba mno, na katika zile za zamani kiwambo hicho ni cha ulanga, jiwe lile lile linalong'aa, linalobanduka kurasa kwa kurasa kama kitabu, ambalo milima ya Uluguru imechimbuliwa kwa ajili yake tangu enzi za Wajerumani. Sindano inapopita katika mifuo ya sahani hutikisika, mtikisiko huo hupanda kwa kijiti cha chuma mpaka katikati ya kiwambo, nacho kiwambo huisukuma hewa, na hiyo ndiyo sauti. Pande zote mbili za ukingo wake kiwambo kimelazwa juu ya kimpira chembamba cha duara, ili kishikike bila kubanwa. Kimpira kile kikizeeka hukauka kikawa kigumu kama mfupa. Hapo kiwambo hukosa pa kupumulia, na mashine huanza kukwaruza na kutetemeka. Ugonjwa wa bibi yule ulikuwa huo tu, ugonjwa wa mpira wa senti chache.

Mimi sikuyajua hayo. Nilijua redio. Nilifungua vijiskurubu vitatu vya nyuma, nikaona kifuniko hakitoki kwa kuwa mpira ulikuwa umeganda, na bila kujiuliza ulioganda ni nini nikatafuta kitu chembamba cha kupenyeza. Palikuwa na mwavuli mbovu kibandani. Nilivunja ufito mmoja, nikausugua juu ya saruji ya baraza mpaka ukatoa makali, na kazi hiyo yote haikuchukua muda wa birika la chai kuchemka. Nakumbuka niliona fahari. Nikaupenyeza, nikasukuma, haukuingia, nikasukuma tena. Ukaingia wote kwa mara moja, nami nikasikia mlio mdogo, mdogo kuliko wa njiti ya kiberiti inayovunjika. Ulanga ulikuwa umepasuka kutoka ukingoni hadi katikati.

Ulanga wa kubadilisha sikuwa nao wala sikujua pa kuupata. Nikachukua picha ya eksirei ya kifua ambayo mjomba alipewa hospitali, nikakata duara kwa mkasi, nikatoboa katikati, nikabandika kwa nta ya mshumaa na kufunga. Iliimba. Haikukwaruza tena. Lakini sauti ilikuwa imefifia, kama mtu aimbaye huku amejifunika kanga kinywani.

Bibi alikuja siku ya ahadi. Nikampigia sahani ya Siti. Akasikiliza ameinamisha kichwa, akasogea, akasogea tena mpaka sikio lake likakaribia kuigusa mashine. Kisha akasema, "Maneno siyapati. Labda ni masikio yangu, mwanangu."

Nami nikajibu, "Vitu vikizeeka ndivyo, Bibi."

Akalipa shilingi kumi na tano, akaenda zake.

Nimekuwa nikijiuliza tangu siku ile kosa langu hasa lilikuwa lipi, na jibu halikunijia mara moja. Kwa muda mrefu nilijitetea kwa kifaa. Nilisema kama ningekuwa na chombo halali cha kazi nisingepasua kitu. Ni utetezi rahisi, na wahenga walikwisha kuuziba kwa methali isemayo mchagua jembe si mkulima. Lakini methali hiyo nayo, nikiipima kwa kazi zetu hizi, naiona inasema nusu tu. Mkulima akikosea jembe, anayeumia ni mgongo wake na shamba lake. Fundi akikosea chombo, anayeumia ni kitu cha mwenzake, ambacho mwenyewe hawezi kukiona kwa ndani wala kujua kimefanywa nini. Bibi yule angeniona nikivunja mlango wa nyumba yake angepiga kelele. Nilivunja kitu cha ndani ya kisanduku kisichojaa kiganja, kibandani kwangu, peke yangu. Kazi nyingi za aina hii hufanyika bila shahidi. Anayeileta mashine analeta na imani yake yote, kwa sababu hana kingine cha kuleta.

Wala kuvunja si dhambi. Hakuna fundi asiyevunja, na anayekuambia hajapata kuvunja hajapata kufanya kazi. Hata ile eksirei, nikitafakari leo, haikuwa aibu kwa yenyewe. Ningaliweza kumwambia, "Bibi, nimekivunja kiwambo chako, nimeweka hiki cha kubahatisha mpaka nipate kingine." Angekasirika, pengine angedai fidia, pengine angesamehe, lakini angebaki na masikio yake. Nilichomnyang'anya hakikuwa ulanga. Nilimwacha aondoke akiamini kwamba yeye ndiye aliyeharibika. Tangu siku ile, kila alipopiga sahani ile nyumbani kwake na maneno yasisikike, alijihesabia uzee ambao niliutengeneza mimi kwa mkasi.

Hapo ndipo mawazo yangu yalisimama kwa miaka kadhaa: uongo mbaya, kifaa hakina hatia. Aliyenitoa hapo alikuwa mzee mmoja fundi saa, ambaye nilikwenda kukaa naye nilipoona redio peke yake hazinilishi. Mzee huyu hakupenda maneno mengi. Siku ya kwanza aliponiona nachukua msumari kuusugua uwe ncha, aliuliza, "Umeshaitazama saa?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Kwa muda gani?" Sikuwa na jibu. Akaniambia niuweke msumari chini, akanipa kioo chake cha jicho, na asubuhi nzima nilitazama saa ya mtu bila kuigusa. Mchana akanipa kipande cha mwanzi na wembe. "Sasa chonga. Na uchonge laini kuliko mgonjwa."

Nilidhani anatania. Bisibisi ya mwanzi itafungua nini? Lakini hakunituma kufungua skurubu. Alinituma kusogeza kamani nyembamba kama unywele iliyojinasa, na kwa kazi hiyo chuma kingeikata. Mwanzi wangu ulivunjika mara nne. Kila ulipovunjika alicheka, akanipa mwingine. Mara ya tano kamani ikasogea, nayo haikuwa na alama hata moja. Nilipokuwa nachonga ule wa tatu ndipo lilinijia, kwa aibu, jinsi nilivyoutengeneza ule ufito wa mwavuli. Niliuchukua kwa kuwa ulikuwa karibu, nikaupa makali kwa kuwa mkono wangu ulitaka kusukuma. Hakuna chochote katika umbo lake kilichotoka kwenye kile kisanduku. Kumbe uongo wangu haukuanza siku bibi aliporudi. Ulianza siku mbili nyuma, pale nilipokubali kuugusa mwili wa kitu bila kukijua, nikajifanya najua.

Ndiyo maana nasita mtu anapousifu ubunifu kwa jumla. Mtu mmoja hubuni kifaa kwa kuwa hana subira ya kutazama, mwingine hubuni kwa kuwa ametazama mpaka akaona kwamba hakuna kiwandani kitu kilichofinyangwa kwa tundu hili. Wote wawili watatoka na kipande cha waya kilichopindwa, na mpita njia atawasifu sawasawa. Wala si kweli kwamba haya ni mambo ya umaskini wetu peke yetu. Wapo mafundi wa Uingereza, wenye maduka ya vifaa mlangoni mwao, ambao nao wanapotaka kimpira cha kuzungushia kiwambo cha gramafoni huchukua kile kibomba chembamba cha mpira kinachovikwa valvu ya baiskeli, kwa sababu unene wake unakaa vizuri. Wao walikifikia kwa kupima. Sisi tulikuwa nacho kila mtaa, kwa kila mziba pancha, na mimi nilikuwa nimekiweka mfukoni siku ile ile ya 1974.

Sheria ya mzee wangu juu ya ulaini nilikuja kuikuta imeandikwa ndani ya gramafoni yenyewe, nayo ndiyo iliyonipa jina la insha hii. Sahani za zamani zile za kuzunguka mara 78 kwa dakika hazikuwa za plastiki. Zilitengenezwa kwa utomvu mgumu wa wadudu wa Bara Hindi uliochanganywa na unga wa mawe, tena unga wa mawe ndio uliokuwa sehemu kubwa. Unga ule huisugua ncha ya sindano mpaka ikae sawa na mfuo. Sindano ya chuma iliuzwa katika vikopo vidogo, mamia kwa mamia, kwa sababu ilikusudiwa kufa. Ilitakiwa ipige upande mmoja wa sahani, dakika tatu hivi, kisha itupwe. Waliounda mashine ile walijua kwamba vitu viwili vinavyogusana kimojawapo lazima kichakae, na walichagua mapema kipi kikubali. Kisichokuwa na sauti ya mtu ndani yake ndicho kilichopewa kazi ya kuchakaa.

Sisi tuliigeuza hesabu hiyo. Sindano zilikuwa adimu, basi moja ilipiga sahani ishirini, na ilipobutuka tuliinoa juu ya saruji tukaona tumeokoa fedha. Nami nilizinoa nyingi, tena kwa malipo. Sindano iliyonolewa hivyo ina kingo kama patasi, nayo hukata. Leo ukiziona sahani za miaka ile, nyingi zimepauka kwenye mifuo, zina michirizi ya kijivu, na sauti imezama katika mchakarisho kama wa mchele unaopepetwa. Hatukuwa watu wabaya. Tulihurumia kile tulicholipia senti jana, tukasahau kile ambacho hakitanunulika kesho.

Rafiki yangu mmoja, fundi mwenzangu, hakubaliani nami, na hoja yake si ya kubezwa. Anasema falsafa ya mwanzi ni ya mtu aliyeshiba. Ananikumbusha miaka ya mwanzo ya themanini, baada ya vita vya Kagera, wakati hata sabuni ilipangiwa foleni. Mtu aliyeleta redio wakati ule hakutaka kusikia habari za kutazama asubuhi nzima, alitaka isikike kabla ya taarifa ya saa mbili. "Ungesubiri chombo laini," ananiambia, "nusu ya redio za mji huu zingekufa mezani kwako. Tulizifufua kwa misumari na kwa mate." Ni kweli. Nilikuwapo, na misumari mingine ilikuwa yangu. Nimemjibu kwamba redio ya dukani iliyotoka elfu kwa elfu inaweza kustahimili msumari, kwa kuwa ikifa ipo dada yake. Alicheka akaniambia maskini hana redio mbili. Hapo nami nilinyamaza, maana alikuwa amenishinda.

Ila baadaye nilirudi nikamwambia jambo moja ambalo bado nalishikilia. Haraka na uhaba vinaweza kukupa ruhusa ya kutumia msumari. Haviwezi kukupa ruhusa ya kuuficha. Mwenye mali akiambiwa, "Nina msumari tu, naweza kuiponya au kuiua, unasemaje?" basi bahati nasibu ile inakuwa yake, na ana haki ya kuicheza au kuichukua mashine yake akaenda. Rafiki yangu akauliza ni wateja wangapi wangebaki. Nikamwambia hawangebaki wengi.

Mwaka 1996 kijana mmoja alinijia na gramafoni imefungwa katika shuka. Niliitambua kabla hajamaliza kuifungua, kwa alama ya moto wa pasi kwenye kona ya kifuniko. Bibi yake alikuwa amefariki miaka mingi nyuma. Walikuwa wanasafisha nyumba, mama yake akasema isitupwe mpaka fundi aione.

Safari hii niliitazama siku mbili. Nilikifungua kile kisanduku kwa kabari ya mpini wa mswaki, baada ya kuulainisha mpira mkavu kidogo kidogo na kuukata kwa ncha ya wembe, kipande kwa kipande. Eksirei ilikuwamo. Ukiielekeza kwenye mwanga ulionekana upinde mweupe wa ubavu mmoja wa mjomba. Nilitafuta pasi ya umeme iliyokufa, kwani pasi za zamani waya wake wa moto umefunikwa kwa mabamba ya ulanga, nikachagua bamba lisilo na ufa, nikalibandua kwa ncha ya sindano na tone la maji mpaka unene ukakubali, nikakata duara. Niliharibu matatu. La nne nililizungushia kimpira cha valvu pande zote mbili, nikakata ncha zake mshazari zikutane bila kuacha nafasi, nikaziba katikati kwa nta ya nyuki.

Kijana alikuja na mama yake. Niliiweka ile eksirei mezani mbele yao kabla ya kupiga chochote. Kijana akaishika, akaona ubavu, akacheka. "Nani aliyeweka hii?"

"Mimi," nikasema. Nikawaeleza yote, na yale maneno juu ya masikio. Kijana hakujua la kusema. Mama yake alikaa kimya akiitazama ile plastiki nyeusi, kisha akasema, "Alikuwa akituambia tumsikilizie maneno. Nasi tulidhani anatusumbua." Hakusema amenisamehe, wala mimi sikuomba pale, maana haikuwa yake kutoa.

Nilitia sindano mpya, nikapiga sahani. Ilikuwa imepauka, mchakarisho ulikuwa mwingi, lakini maneno yalitoka, moja moja, yakafuatana. Yule mama aliinamisha kichwa upande ule ule.

Malipo sikuchukua, nao hawakubishana nami juu ya hilo. Nilimpa kijana kikopo cha sindano nilichokuwa nimekihifadhi, nikamwambia kila upande wa sahani sindano moja, kisha atupe, asinoe. Akazihesabu kwa macho akauliza zikiisha afanye nini. Nikamwambia zamani hata huko Ulaya wapo waliopigia sahani zao kwa miiba, na kwamba mwiba haudumu, sauti yake ni ya chini, lakini haukati. Hakuamini. Basi tukatoka hadi nyuma ya nyumba, penye mndimu, nikamwonyesha namna ya kuchagua ulionyooka, na namna ya kuukausha kivulini kabla ya kuuchonga.